Barua ya wazi kutoka stendi ya mabasi Bukoba: tuambieni mapema, abiria ajue asafiri au asubiri

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera na uongozi wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini,

Waheshimiwa, nawasalimu kutoka Bukoba.

Mimi ni mkata tiketi. Nimekaa kwenye kibanda cha stendi hii miaka kumi na sita, nikikata tiketi za Mwanza, Kahama, Dodoma na Dar es Salaam. Sikusomea udaktari. Lakini ugonjwa ukitajwa redioni alfajiri, ikifika saa tatu nimeshajua umeingia kiasi gani kwenye vichwa vya watu, maana wanakuja dirishani kwangu kuuliza, au hawaji kabisa. Ndilo ninalowaandikia: vile mtu anavyoiona hatari, na vile hilo linavyomfanya aondoke, aahirishe, afiche homa ya mwanawe au apite porini kukwepa kituo cha ukaguzi. Naona jambo hili linawekwa nyuma ya vipima joto na vitakasa mikono, wakati ndilo linaloamua kama kipima joto kitamkuta mgonjwa au hakitamkuta.

Januari 2025, siku chache baada ya Mheshimiwa Rais kutangaza Marburg, homa kali ya virusi inayoua, wilayani Biharamulo, alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni, wa miaka mitatu hivi. Alitaka kiti cha Kahama. Akalipa, akapokea tiketi, halafu hakuondoka. Akasubiri aliyekuwa nyuma yake asogee, akainama hadi paji la uso likagusa nondo za dirisha. "Kaka, njiani wanapima joto wapi na wapi?"

Nikamuuliza kwa nini. Akamgeuza mtoto nimwone. Macho mazito, midomo imekauka, shingo inang'aa jasho. Alikuwa anachemka tangu jana yake usiku. Mama alikuwa ameshampa nusu ya paracetamol, na nusu iliyobaki akanionyesha: ameifunga kwenye pindo la khanga, fundo dogo kama la mtu anayeficha sarafu. Angempa basi likikaribia kituo, joto lishuke. "Hii ni malaria tu, mwanangu namjua. Ila nikishikwa pale nikawekwa siku ishirini na moja, genge langu nani atalisimamia? Na wale wawili niliowaacha Kahama watakula kwa nani?"

Nilimwambia ampeleke kituo cha afya kwanza, tiketi nitamsogezea hadi kesho yake. Nikaenda ofisini kumwombea. Nikajibiwa kwamba tiketi ikishakatwa, abiria anasafiri au anapoteza nauli, ndiyo taratibu. Nikarudi na jibu hilo. Mama akapanda. Nikalitazama basi likitoka getini na fundo lile likiwa ndani yake.

Wagonjwa wa mlipuko ule walikuwa wa Biharamulo, kwa hiyo leo najua kuwa mtoto yule hakuwa na Marburg. Siku ile sikujua. Wala dereva hakujua, wala konda, wala dada aliyekaa naye kiti kimoja.

Mama yule hakuwa mjinga, na sitaki mtu yeyote amsome hapa akamwona mtu mbaya. Alipiga hesabu. Upande mmoja kulikuwa na ugonjwa aliousikia kwa majirani, ambao hajawahi kumwona mtu akiugua. Upande wa pili kulikuwa na hema la karantini, ambalo alikuwa ameliona kwenye simu: watu waliovaa mavazi meupe kuanzia utosini hadi kwenye unyayo, na ndugu wamesimama mbali ng'ambo ya kamba. Marburg ilikuwa neno. Hema lilikuwa picha. Na genge lake la nyanya lilikuwa ndiyo ada ya shule. Ukiweka vitu hivyo vitatu kwenye mizani moja, nusu ya kidonge ndiyo inashinda.

Nyinyi mnapopanga mnahesabu hatari moja, ile ya kuambukizwa. Abiria anahesabu tatu: kuambukizwa, kushikwa, na kupata hasara. Na mara nyingi hizo mbili za mwisho ndizo anazoziamini zaidi, kwa sababu ndizo alizowahi kuziona kwa macho.

Sasa mniruhusu nirudi nyuma kidogo, kwenye siku sita ambazo sisi wa stendi hatutazisahau. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu 9 waliohisiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera, 8 kati yao wakiwa wamefariki. Baada ya hapo Wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Dodoma pamoja na Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika.

Najua maabara ina muda wake. Sampuli haipimwi kwa kupepesa jicho, na sampuli isiyo na virusi nayo ni habari ya kweli inayostahili kutangazwa. Silalamikii vipimo. Naeleza kilichotokea chini, kwenye lami, wakati taarifa mbili zinavutana. Mkumbuke ilikuwa Januari: watu wa kwetu wanaokuja kula Krismasi nyumbani ndiyo wanarudi Dar, na wanafunzi ndiyo wanakwenda shule. Na basi la Dar kutoka huku linashuka Muleba, linaingia Biharamulo, linatokea Nyakanazi kwenda Kahama. Kwa hiyo jina Biharamulo halikuwa jina la mahali pa mbali. Lilikuwa limeandikwa kwenye safari ya kila mtu aliyesimama mbele yangu.

Siku zile abiria waligawanyika mafungu mawili. Kuna walioahirisha, wakapiga simu nyumbani kuomba hela ya kuongeza siku. Na kuna walioharakisha, waliotaka kuondoka kabla hawajafungiwa, hata wale ambao hawakuwa na safari wiki ile. Baba mmoja alikuja usiku na familia nzima na mabegi, akitaka basi lolote la asubuhi, liende popote mbele ya Kahama. Hakuna aliyeniuliza ugonjwa unaambukizwaje. Wote waliuliza swali moja: "Wenzetu wanasemaje? Wanasafiri?" Mtu akikosa habari anaangalia jirani yake, na jirani naye anamwangalia yeye.

Tangazo la Dodoma lilipotoka nilitarajia stendi itawaka moto. Ikatulia. Abiria walipungua, ndiyo, lakini waliokuja walikuja na maswali yanayojibika. Basi linasimama wapi kula? Konda anazo glovu? Mtu akitapika njiani inakuwaje? Nilijisikia, kwa mara ya kwanza wiki ile, kuwa nazungumza na watu na si na kundi. Nawapongeza kwa dhati kwa tangazo lile, na ninachoomba ni kwamba siku sita zijazo ziwe siku moja. Semeni hata mnachokisubiri: tumepima sampuli kadhaa, bado kadhaa, zimetoka kijiji fulani, tutarudi kwenu kesho saa nne. Mtu anaweza kuahirisha safari kwa kauli kama hiyo. Hawezi kuahirisha kwa ukimya.

Mwaka 2023 mlitufanyia hivyo, na sisi tuliona tofauti. Machi ile ulianza uvumi wa ugonjwa usiojulikana, na tarehe 21 Waziri Ummy Mwalimu akautaja kwa jina, Marburg, na zikatajwa na kata: Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini. Watu wakajua. Ilipotangazwa tarehe 2 Juni kuwa umekwisha, walikuwa wameugua watu 9 na kufariki 6. Kila mmoja wao alikuwa mtu wa watu, na mmoja wa waliofariki alikuwa mhudumu wa afya. Lakini kwa ugonjwa unaoua namna ile, kuishia 9 ni kazi kubwa iliyofanywa na watu wenu na wananchi waliojitokeza.

Hata hivyo kutaja kata kulikuwa na gharama yake, na nisipoisema nitakuwa sijawa mkweli. Hiace za Maruku zilikuwa zinaingia mjini nusu tupu. Abiria aliyetoka huko, nikimuuliza anatoka wapi ili niandike kwenye tiketi, alikuwa anasema Kamachumu, Muleba. Mzee mmoja ninayemfahamu kabisa, nimekula senene nyumbani kwake, alisimama mbele yangu akasema anatoka Kamachumu, na mimi nikaandika Kamachumu. Alikuwa mzima, hajagusana na mgonjwa yeyote. Alichokuwa anakimbia ni macho ya watakaokaa naye saa ishirini na zaidi.

Je, basi msitaje kata? Nimelifikiria hili tangu mwaka ule, na jibu langu ni kwamba tajeni, lakini kata isitajwe peke yake kama vile ardhi yake ndiyo inaugua. Itajwe pamoja na maneno ambayo kila konda anaweza kuyarudia: Marburg haipeperushwi na hewa, huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au maiti, au vitu vilivyochafuliwa navyo, asiye na dalili haambukizi, na dalili huanza kati ya siku 2 na 21. Mwenye maneno hayo anajua kuwa mzee wa Maruku asiye na homa anaweza kukaa pembeni yake, na kwamba aliyeosha maiti ya jirani wiki iliyopita ndiye anayepaswa kubaki nyumbani, hata kama ametoka Upanga, Dar. Bila maneno hayo, jina la kata linakuwa hukumu ya watu wote wanaolala pale.

Sisi wa Kagera tunaijua hukumu ya namna hiyo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwetu mwaka 1983. Wazee wanakumbuka ulivyoitwa "Juliana", jina lililotokana na nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na wanakumbuka pia jinsi Mhaya aliyesafiri miaka ile alivyotazamwa nyumba za wageni alikofikia. Mama yangu alikuwa akiuza kahawa na vitenge hadi Tabora. Alikuwa anatuambia kuwa sehemu nyingine alijifunza kusalimia kwa Kinyamwezi kabla hajaulizwa kwao. Kwa hiyo mtu wa Maruku anapodanganya mahali anapotoka, anatumia ujanja aliourithi. Ni watu waliokwisha kulipishwa kwa ajili ya ugonjwa ambao hawakuuleta.

Na jina Marburg lenyewe ni la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua huko, na wengine Frankfurt na Belgrade, baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Hakuna mtu anayeogopa kwenda Ujerumani kwa sababu ya jina hilo. Ila Machi 2023 watu waliogopa kwenda Maruku kununua ndizi.

Mtasema kuwa hofu ni ya watu wasiosoma. Hapana. Walio mbali na waliosoma nao wanafanya hivyo hivyo, tofauti ni ukubwa wa ramani. Jirani yangu anachora kata, mgeni anachora nchi nzima au bara zima. Ebola ilipokuwa Liberia, Guinea na Sierra Leone mwaka 2014, watalii waliahirisha safari za Serengeti na Maasai Mara, na Korean Air ikasitisha safari zake za Nairobi mwezi Agosti. Angalieni ramani: Monrovia iko karibu zaidi na Madrid kuliko ilivyo na Arusha. Tena Madrid ndiko muuguzi alikoambukizwa Ebola Oktoba ile, wakati Tanzania na Kenya hazikuwa na mgonjwa hata mmoja. Kwa ndugu zetu wa Zanzibar na Ghuba, Aprili 2023 Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ziliwashauri raia wao wasisafiri kuja Tanzania. Ugonjwa ulikuwa Bukoba Vijijini. Kutoka hapa hadi Unguja ni karibu kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Mtu wa Dubai aliyetaka kumzika shangazi yake Michenzani, Unguja, Bukoba ilimhusu nini? Lakini nani alikuwa amemwandikia, kwa Kiarabu au kwa Kiingereza, kata kwa kata, siku kwa siku, wapi pana ugonjwa na wapi hapana? Msipochora ramani nyinyi, itachorwa na aliye mbali, na yeye huchora kwa brashi nene.

Msomi wa Kimarekani aitwaye Paul Slovic ametumia maisha yake kuchunguza kwa nini watu huogopa hiki na si kile. Alichokikuta ni kwamba hofu hukua kwa mambo mawili: jambo likiwa la kutisha, lenye kifo kibaya na ambalo mtu hana mamlaka nalo, na jambo likiwa halijulikani. Marburg ina yote mawili. Ndiyo maana abiria anayekataa basi la Biharamulo anatoka stendi hapa hapa akapanda bodaboda bila kofia, wawili nyuma na mzigo mbele. Bodaboda anaijua. Hapa Bukoba hatukuhitaji msomi kutufundisha hilo. Baada ya meli ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wetu kwenda nayo, kuna watu hapa hawajakanyaga meli hadi leo. Na ndege ilipoanguka ziwani tarehe 6 Novemba 2022 ikaua watu 19, wiki iliyofuata nilikatia tiketi za Dar watu ambao sikuwahi kuwaona stendi, watu wa suti. Waliona saa ishirini na zaidi za barabara ni salama kuliko saa chache za angani. Sikuwacheka. Waliona kitu kwa macho yao, kikawakaa.

Kutisha kwa ugonjwa hamuwezi kukuondoa. Kutojulikana kwake mnaweza, na kuko mikononi mwenu peke yenu.

Kuna upande wa pili, na huo unaniogopesha zaidi ya viti vitupu: watu wanaposafiri kama vile hakuna kitu. Mapema Mei 2020 takwimu za corona ziliacha kutolewa, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Namba ikasimama pale pale, na watu wakasimama nayo. Mabasi yakajaa. Ndoo za maji tiririka mlangoni mwa stendi zikakauka, moja ikageuzwa ya kufugia kambare. Sisemi watu walidanganywa wakaamini. Wengi walikaa katikati, wanaamini mchana na wana wasiwasi usiku. Kisha ukaja mwanzo wa 2021. Hakukuwa na namba, basi watu wakaanza kuhesabu misiba. Walihesabu matangazo ya vifo redioni. Walihesabu vyeo. Siku Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, walipofariki, tarehe 17 Februari siku moja wote wawili, abiria waliokuja kesho yake walikuwa na barakoa, na hakuna aliyekuwa amewaamuru. Walikuwa wamejitengenezea takwimu zao kwa majeneza. Zilikuja zimechelewa sana, na zilipokuja zilikuja na hofu yote kwa mpigo.

Kwa hiyo ninyi mkinyamaza, namba haipotei. Inahesabiwa na watu, vibaya, na kwa kuchelewa.

Tukija kwenye mipaka, sina mengi, maana jambo hili limeonekana. Juni 2019 familia iliyotoka kuzika upande wa Congo ilikuwa imewekwa chini ya uangalizi Kasindi. Baadhi yao wakatoka, wakavuka kwa njia za panya kuingia Kasese, Uganda, na mtoto wa miaka 5 akawa mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitika Uganda katika mlipuko ule. Mpaka wa Mpondwe ulikuwa na wapimaji hodari. Mtoto hakupita mbele yao. Huku kwetu kuna Mutukula, Rusumo na Kabanga, na katikati yake kuna vichochoro ambavyo kila mtoto anayechunga mbuzi anavijua. Kadiri kituo rasmi kinavyotisha, ndivyo kichochoro kinavyopata wateja. Kamati ya dharura ya Shirika la Afya Duniani ilisema mwaka ule ule kwamba mipaka isifungwe, kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa ninachoomba.

La kwanza kwangu, na kama mtafanya moja tu naomba liwe hili, ni kuondoa hasara kwa anayekubali kubaki. LATRA itoe agizo kwamba mlipuko ukitangazwa, abiria wa wilaya husika anaruhusiwa kusogeza tiketi yake bila kukatwa hata shilingi, kwa siku zote 21. Tiketi sasa ziko kwenye mtandao. Kusogeza ni kubonyeza. Najua wamiliki watalalamika, na mimi nalipwa kwa idadi ya tiketi, hivyo naongea dhidi ya mfuko wangu. Lakini kiti kimoja kilichosogezwa ni rahisi kuliko basi zima kufuatiliwa kutoka Kahama hadi Mbezi, Dar. Na anayewekwa karantini apewe chakula, na chakula kipelekwe pia kwa watoto aliowaacha, na itangazwe redioni kwamba kinapelekwa, kwa sauti za waliokwisha kukaa kule wakarudi. Mama wa Kahama alihitaji kuisikia sauti hiyo kabla hajafunga lile fundo. Angejua kuwa hema lina mlango wa kutokea.

Pia mtu apewe sababu ya kusema homa yake. Ikiwa anajua kwamba akisema, mtoto anapimwa malaria pale pale stendi, anapewa dawa bure na kuondoka na basi la jioni majibu yakiwa salama, atasema. Mkoa wetu una malaria nyingi. Karibu kila homa ya mtoto itakuwa hiyo. Kipima joto kinachomwonyesha mgonjwa tu, bila kumpa chochote, kinafundisha watu kununua paracetamol. Dada wa duka la dawa pembeni ya geti aliniambia hivyo mwenyewe, na uso wake haukuwa wa mtu anayefurahia mauzo.

Tufundisheni sisi mapema, wakati hakuna mlipuko. Mkata tiketi, konda, dereva, mpiga debe, mama lishe, wabeba mizigo. Abiria anatuuliza sisi kabla ya kupiga 199. Mwaka 2023 nilijibu maswali kwa kubahatisha siku nne nzima, na kuna mambo niliyoyasema siku zile ambayo nimekuja kujua hayakuwa sahihi. Nilimwambia kijana mmoja asipande basi kwa sababu hewa ya ndani haizunguki. Hakumwona baba yake aliyekuwa mahututi Mwanza. Baba alifariki kabla hajafika. Kijana hakunilaumu, lakini mimi ninajua nilichokisema na ninajua kilikuwa uongo, hata kama sikukusudia.

Na mwisho wa mlipuko nao utangazwe stendi. Mnapohesabu siku 42 bila mgonjwa mpya na kusema umekwisha, habari hiyo inatoka Dodoma ikaishia kwenye runinga. Mwaka 2025 mlitangaza mwisho tarehe 13 Machi, baada ya watu 10 kufariki, 2 wakiwa wamethibitika na 8 wakihesabiwa kuwa huenda waliugua. Mei ile bado nilikuwa na abiria wanaouliza kama basi linafunga madirisha likipita Biharamulo. Watu wa Biharamulo wana mazao ya kuuza na watoto wa kuozesha. Wanastahili mtu apande kwenye kiti hapa, ashike kipaza sauti cha mpiga debe, aseme umekwisha, na aeleze kwa nini tunajua kuwa umekwisha.

Ukutani hapa stendi kuna ubao mweusi. Upande wa kushoto tunaandika nauli na saa za kuondoka. Upande wa kulia hauna kitu. Nimezungumza na wenzangu, na msimamizi wa stendi amekubali upande huo uwe wa Wizara: jina la kata, idadi ya waliopimwa, idadi ya waliopona, nini cha kufanya, hata siku ambazo jibu ni kwamba hakuna kitu. Mtakayemteua afike kabla ya basi la kwanza la Dar, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Chaki tutanunua sisi.

Wenu katika kazi,

Mkata tiketi
Stendi ya Mabasi, Bukoba